Apolo Kagwa, Waziri wa Mfalme Mtoto

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika jarida letu wengi huandika juu ya ukame, mapenzi na dawa za kulevya, nami husoma yote nikafurahi. Mwaka huu nimeonelea nilete somo la historia, tena kwa Kiswahili, maana hakuna sheria inayosema historia ni ya Kiingereza tu. Somo lenyewe ni juu ya mtu aitwaye Apolo Kagwa pamoja na jamaa yake. Najua Kidato cha Nne watasema huyo wanamjua. Mimi pia nilidhani namjua. Nilimjua kwa mistari miwili: alishirikiana na Waingereza, akapewa ardhi. Mwalimu aliuliza, tukajibu, tukapata alama, mambo kwisha.

Kilichonirudisha kwake ni mambo ya nyumbani. Sisi tunakaa upande wa Bulapesa, na babu ana ploti moja aliyogawiwa kwa barua zamani kabla sijazaliwa. Likizo ya Agosti alikuja mtu na barua nyingine. Ploti ni ileile, namba ni ileile, ila sahihi ni nyingine. Wazee waliketi chini ya mgunga, barua mbili zikawekwa juu ya mkeka, kila mtu akaziinamia kana kwamba zitasema zenyewe. Nyanya yangu hajui kusoma. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na kabla ya hiyo barua ya kwanza, hapa palikuwa pa nani?" Hakuna aliyemjibu. Wazee wengine walicheka. Mimi nikamkumbuka Kagwa, na shule ilipofunguliwa nikaenda maktaba.

Kabla hatujafika Buganda, hebu tupite Uingereza kidogo. Katika kitabu kimoja kikubwa cha maktaba, kile ambacho jalada lake limeng'oka, nilikuta habari za bwana mmoja wa zamani sana aitwaye William Marshal. Alizaliwa mwaka 1147 hivi, akafa mwaka 1219. Mwaka 1152, akiwa mtoto mdogo, baba yake alimtoa rehani kwa Mfalme Stephen, kisha baba akavunja ahadi. Mfalme akatishia kumwua mtoto. Ati baba mtu akajibu kwamba auawe tu, kwa kuwa yeye bado ana nyundo na fuawe za kufulia watoto wengine walio bora zaidi! Mfalme akamwonea huruma yule mtoto, akamwacha hai. Kumbe mtoto huyo alikuja kuwatumikia wafalme mmoja baada ya mwingine: Henry wa Pili, Richard, John. Na John alipokufa mwaka 1216 akaacha mtoto wa miaka tisa, ni huyu mzee Marshal, wakati huo karibu miaka 70, aliyeshikilia nchi kwa niaba ya mtoto. Alikuwa na wana watano. Wote walirithi cheo chake kwa zamu, na wote wakafa bila kuacha mrithi. Kufikia mwaka 1245 jina lilikuwa limekatika na mashamba yamegawanywa.

Nimemleta huyu bwana kwa sababu Kagwa ni kama pacha wake, ingawa kati yao pana miaka 700.

Apolo Kagwa alizaliwa miaka ya 1860, karibu na mwaka 1864 au 1865, katika ukoo wa Nsenene. Hapa wanachama wa Kiswahili wasikilize vizuri. Nsenene ni senene, yule mdudu wa kijani anayerukaruka na ambaye watu wengi wa upande wa Ziwa humkaanga na kumla. Watu wa ukoo huu hawamli. Kitu ambacho ukoo haukili, Waganda hukiita muziro, na sisi tuna neno mzio. Lugha zetu hizi ni ndugu, ila wengine wetu huzicheka.

Akiwa kijana alipelekwa katika jumba la Kabaka, yaani mfalme, kuwa mtumishi. Wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya wakubwa. Kila jamaa yenye tamaa ilitaka kijana wake awe karibu na mfalme, achote maji, apeleke ujumbe, alinde ghala, ili siku moja jicho la mfalme limwangukie. Alianza enzi ya Mutesa wa Kwanza, akaendelea chini ya mwanawe Mwanga aliyetawala kuanzia mwaka 1884. Hukohuko jumbani vijana walianza kusoma kwa wamisionari, na Kagwa akawa upande wa Waprotestanti.

Mwaka 1886 Mwanga aliwageukia wasomaji hao. Mlisikia habari za mashahidi wa Uganda, wale waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni mwaka huo. Kagwa alikuwa miongoni mwa vijana waliokamatwa katika siku hizo. Alipigwa vibaya na mfalme mwenyewe, akaachwa na majeraha, lakini hakuuawa. Kwa nini yeye aliachwa na wenzake wakachomwa? Vitabu vinasema alikuwa hodari wa kazi na mfalme alimhitaji. Mimi naona hapo ndipo alipojifunza somo ambalo hakulisahau: mkubwa hamchinji anayemfaa.

Vita vilivyofuata nitavipita haraka, maana ni vingi na vinachosha. Mwaka 1888 vijana wa dini zote, Wakristo na Waislamu, waliungana wakamwondoa Mwanga. Baadaye wakagombana wenyewe kwa wenyewe, Wakristo wakakimbilia Ankole, wakarudi mwaka 1889 na kumrudisha Mwanga yuleyule. Katika vita hivyo kiongozi wao, Honorat Nyonyintono, aliuawa, na Kagwa akashika nafasi yake. Hivyo mwaka 1889, akiwa na miaka 25 hivi, akawa Katikiro. Mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana hapo Mengo, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard ikaamua mambo. Mwaka 1894 Waingereza wakatangaza kwamba nchi iko chini ya ulinzi wao.

Sasa tufafanue Katikiro ni nani, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha somo. Katikiro alikuwa waziri mkuu na hakimu mkuu. Lakini cheo hicho hakikuwa cha kurithi. Kabaka alitoa, Kabaka alinyang'anya, wakati mwingine pamoja na kichwa. Katika Buganda palikuwa na wakubwa wa aina mbili. Kuna waliokuwa wakubwa kwa neno la Kabaka, kama Katikiro na machifu wa majimbo. Na kuna waliokuwa wakubwa kwa makaburi. Hawa wa pili waliitwa bataka, wakuu wa koo. Walikaa kwenye ardhi walikozikwa babu zao, na ardhi hiyo iliitwa butaka. Ttaka kwa Kiluganda ni udongo. Sisi tumebaki na neno taka, tunalifagia kila asubuhi kabla ya gwaride. Mtu wa kwanza unaweza kumfuta kazi leo. Wa pili utamfutaje? Labda uyafute makaburi.

Basi mwaka 1897 Mwanga alichoka kutawaliwa, akatoroka kwenda Buddu kuanzisha vita, akashindwa. Waingereza wakamweka mwanawe, Daudi Chwa, kwenye kiti. Daudi alikuwa amezaliwa Agosti 1896. Alikuwa na mwaka mmoja! Fikiria mfalme anayetambaa. Wakachaguliwa watu watatu wa kushika nchi kwa niaba yake: Apolo Kagwa, Stanislas Mugwanya wa Wakatoliki, na Zakaria Kisingiri. Mkubwa wao alikuwa Kagwa. Baba wa mtoto, Mwanga, alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, wakapelekwa uhamishoni Ushelisheli, na huko Mwanga akafa mwaka 1903. Kwa hiyo Katikiro ambaye zamani alitetemeka mbele ya mfalme, sasa mfalme wake ni wa kubebwa mgongoni. Kwa miaka 17, kutoka 1897 mpaka 1914, hakukuwa na Kabaka mtu mzima wa kumkemea. Walikuwapo Waingereza tu, nao walimhitaji.

Hapo ndipo ulipokuja mkataba wa tarehe 10 Machi 1900. Upande wa Waingereza alikuwa Sir Harry Johnston. Upande wa Buganda walitia sahihi hao walezi wa mfalme pamoja na machifu, maana mwenye nchi alikuwa na miaka mitatu. Nawaomba wanachama wa chama chetu wakumbuke kifungu kimoja ambacho kilinifanya nifunge kitabu nikatazama dirishani. Mkataba ulisema kwamba pakitokea ubishi juu ya maana yake, maneno yanayofuatwa ni yale ya Kiingereza. Waganda walitoa nchi katika lugha ambayo karibu wote hawakuijua.

Nchi ilikisiwa tu, haijapimwa, kuwa maili za mraba 19,600. Katika hizo, maili 9,000 za pori na ardhi isiyolimwa zikachukuliwa na serikali ya Kiingereza. Kabaka akapewa 350. Machifu elfu moja na watu wengine wenye mali wakapewa 8,000. Kagwa na walezi wenzake wakapata mafungu yao makubwa. Na kila kibanda kikatozwa kodi ya rupia tatu kwa mwaka. Ardhi hiyo ikaitwa mailo mpaka leo, na nyinyi mnaisikia maili ndani yake. Yaani ardhi ilipoteza jina la udongo ikapata jina la kipimo.

Nani aliandika orodha ya hao elfu moja? Ni baraza la Buganda, Lukiiko, na mwenye kiti alikuwa Katikiro. Orodha ilivimba hadi ikapita watu 3,000. Kila chifu alichagua mahali pazuri, penye migomba na watu. Hakuna aliyechagua jangwa. Na mahali pazuri mara nyingi palikuwa na makaburi ya ukoo fulani. Mtaka, yaani mkuu wa ukoo, akaamka asubuhi akaambiwa kwamba kilima alipozikwa babu wa babu yake sasa ni mali ya chifu fulani, na kama anataka kuendelea kulima hapo atalipa. Ada ya ardhi iliitwa busuulu, na fungu la mazao liliitwa envujjo.

Sitaki mtu aseme ninamchukia Kagwa. Wenye kumtetea wana hoja nzito. Kwetu Kenya hapakuwa na mkataba wa aina hiyo, na mashamba ya nyanda za juu yalikwenda kwa walowezi wa Kizungu. Buganda sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilibaki mikononi mwa Waganda wenyewe, hata kama ni Waganda wachache. Mwalimu wetu mmoja ananiambia, "Wewe ungefanya nini mbele ya bunduki ya Maxim?" Sina jibu zuri.

Tena mtu huyu hakuwa wa kulala. Mwaka 1902 alialikwa London kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Alisafiri na katibu wake Ham Mukasa, wakavuka Ziwa kwa meli, wakapanda reli iliyokuwa ndiyo kwanza imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, mpaka Mombasa, halafu meli ya baharini. Walipokuwa huko mfalme akaugua tumbo, akapasuliwa, na sherehe ya Juni ikaahirishwa mpaka tarehe 9 Agosti. Mukasa aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, nacho kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1904. Mwaka 1905 Kagwa akapewa cheo cha Sir.

Na aliandika vitabu, jambo ambalo sisi wa chama cha lugha lazima tulipigie saluti. Mwaka 1901 alitoa kitabu cha wafalme wa Buganda kwa Kiluganda. Baadaye akaandika juu ya hadithi, mila na koo za Waganda. Aliwaita wazee, akawauliza: ukoo wenu ulitoka wapi, mzizi wenu uko kilima gani, mfalme gani alioa kwenu? Misionari John Roscoe, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya Waganda mwaka 1911, alisaidiwa sana na Kagwa kuwapata wazee hao. Mtu akitaka leo kujua koo za Buganda atafungua karatasi za Kagwa.

Hapo ndipo akili yangu iligonga mwamba. Ni mkono uleule! Mkono ulioandika jina la kila ukoo usipotee, ndio ulioandika orodha iliyowapa wengine vilima vya koo hizo. Nimejaribu kuwaza alikuwa na hisia gani mzee wa ukoo aliyekaa mbele ya Katikiro akihadithia makaburi ya babu zake, huku akijua shamba lenye makaburi hayo lina mwenye hati mwingine. Kitabuni hakuna habari hiyo.

Wazee hao hawakunyamaza daima. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaunda chama cha Bataka, kiongozi wao akiwa James Miti, wakapeleka malalamiko kwa Kabaka Daudi Chwa. Naye sasa si mtoto tena. Alikuwa ametimiza miaka 18 mwaka 1914. Tume ikaundwa mwaka 1924, ushahidi ukachukuliwa, lakini mwishowe serikali ya Kiingereza ikakataa kuuvuruga mgao wa mwaka 1900. Kagwa akashinda kesi. Ila ushindi huo haukumfaa sana, kwa sababu wale waliomlinda walikuwa wamemchoka. Maafisa wapya wa Kizungu hawakumjua yule kijana wa vita vya 1889. Walimwona mzee mkaidi. Wakagombana naye mwaka 1925 juu ya, mtacheka, vibali vya pombe! Nani ana haki ya kutoa kibali cha pombe, Katikiro au Mzungu wa mkoa? Kagwa aliona ni heshima ya Buganda inayoguswa. Kabaka hakumtetea vya kutosha. Mwaka 1926 akajiuzulu, baada ya miaka 37 kwenye kiti.

Hakukaa sana. Alifia hapahapa Kenya, mjini Nairobi, mwezi wa Februari mwaka 1927. Mwaka uliofuata, 1928, ikapitishwa sheria ya kuweka mpaka wa busuulu na envujjo, ili mwenye mailo asimkamue mkulima apendavyo wala kumfukuza ovyo. Sheria ambayo labda ingemwudhi, haikusubiri hata miaka miwili.

Sasa jamaa yake. William Marshal aliacha wana watano na jina likakatika. Kagwa aliacha watoto wengi na jina halikukatika, lakini deni nalo halikukatika. Mwanawe mmoja, Michael Kawalya Kagwa, alipata Ukatikiro uleule. Aliupata siku mbaya: Septemba 1945 Katikiro Martin Luther Nsibirwa alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa la Namirembe akafa, na Kawalya Kagwa akawekwa mahali pake. Mwezi wa Aprili mwaka 1949 watu walifanya ghasia kubwa, nyumba za machifu zikachomwa. Walidai wachague machifu wao wenyewe na wauze pamba yao wenyewe. Na mojawapo ya vyama vilivyokuwa mbele kilikuwa na jina gani? Bataka. Lile jina ambalo baba alilishinda mbele ya tume, lilirudi kumdai mwana. Mwaka 1950 Kawalya Kagwa akaondoka kwenye kiti. Mjukuu, Apolo Kironde, alisomea sheria, na Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 akaiwakilisha katika Umoja wa Mataifa.

Nilipomaliza kusoma nilirudi nyumbani nikamhadithia nyanya hayo yote jioni, akiwa anachemsha maziwa. Nikamweleza pia ya kwetu: kwamba ardhi nyingi ya Isiolo ilikuwa ya amana chini ya baraza la kaunti, kwamba askari wa Kisomali waliotumikia Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza waliwekwa hapa na serikali ya kikoloni, kwamba Waborana walikuwa wakichunga kando ya Waso Nyiro, na Waturkana, Wameru na Wasamburu nao wana maneno yao. Nikamwambia katiba ya mwaka 2010 imeifanya ardhi ya namna hiyo kuwa ya jamii, na mwaka 2016 ikatungwa sheria yake. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Malisho hayana mwenyewe, yana wenyewe. Sasa hao wenyewe, nani atawatilia sahihi?"

Kesi ya ploti bado iko kwa wazee. Barua zote mbili amezishika mzee mmoja jirani, ili zisipotee wala zisizae ya tatu.

Maswali ya mjadala, Ijumaa baada ya vipindi:

1. Tuseme wewe ndiwe Katikiro mwaka 1900, mfalme wako ana miaka mitatu, na Johnston amekuwekea kalamu mezani. Utatia sahihi au hutatia? Anayesema hatatia aeleze asubuhi ya pili angefanya nini.

2. Taja maneno mengine matano ya lugha ya nyumbani kwenu yanayohusu ardhi, na ueleze kama Kiswahili kina ndugu zake. Kiborana, Kisomali, Kituruki cha sinema, yote yanakubaliwa, isipokuwa hilo la mwisho ni mzaha.